Mwaka Mama Alipoitwa Mama Mabula

Siku tuliyomzika mama, mchungaji alipomaliza sala aliita watoto wa marehemu waje kutia udongo. Nilisogea peke yangu, kwa kuwa mama hakuzaa mwingine baada yangu. Nilichota, nikatupa, na nilipoinua uso nikakuta nyuma yangu mstari wa watu. Watu wazima, baadhi yao wakiwa na watoto wao mgongoni, wamejipanga kimya kama wanaosubiri maji bombani. Wa kwanza wao alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa baraghashia, aliyekuwa amefika asubuhi ile kwa treni kutoka Tabora. Shangazi yangu, ambaye hata msibani hakuacha kuhoji, alimwuliza, "Na wewe baba, ni wa nani?" Akajibu, "Mimi ni Mabula wake." Kisha akachota udongo kwa mikono miwili, mwingi kuliko wangu, akautia taratibu, akalia kwa sauti. Wanawake waliokuwa karibu nami walisema mama amebarikiwa. Mimi niliutazama mkono wangu wenye vumbi kidogo, nikamhesabia yule mtu kila tone la chozi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimeolewa, nina kazi serikalini na mtoto wangu anaanza kutembea. Lakini pale kaburini nilikuwa na miaka tisa, na nilitaka mtu amwondoe huyu mtoto mgongoni kwa mama yangu.

Chuoni tulikuwa na mhadhiri aliyependa kutuambia kwamba Mwafrika hakuwa na haja ya kutafutiwa mahali pa kulelea watoto, maana kwetu mtoto ni wa wote. Darasa zima liliandika. Mimi niliinua mkono nikauliza: huyo wa wote, nani alikuwa akimbeba? Na huyo aliyekuwa akimbeba, aliulizwa? Na mtoto wake mwenyewe alikuwa wapi wakati huo? Mhadhiri alicheka akasema maswali yangu ni mazuri kwa semina. Semina haikuyafikia. Kwa hiyo nitayajibu hapa kwa kueleza mwaka mmoja tu, mwaka niliouishi Shinyanga nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, ambacho sote tulikiita jineri.

Tuliishi katika laini, safu ya vyumba vya matofali mabichi vilivyoezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho, na ukuta wake mmoja ulitazama uwanja wa jineri, hivyo msimu ukianza kila kitu ndani yake kilikuwa na unyoya wa pamba: maji ya kunywa, ugali, kope zetu. Baba alikuwa Geita kwenye dhahabu, na habari zake zilikuja kwa midomo ya watu waliopita. Mama alipata kazi ya kuchagua pamba. Wanawake walikaa chini uwanjani kwa mistari, kila mmoja na lundo lake, wakitenga pamba safi upande huu na fifi, ile yenye madoa na uchafu, upande ule. Mama alikuwa na mkono mwepesi. Nilikaa nyuma yake mara nyingi nikimtazama, na sijawahi kuona mtu mwingine akifanya kazi ya mikono huku uso wake umepumzika namna ile. Alikuwa anaimba kwa pua. Saa ya chakula tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliyobeba, mimi na yeye, tukiwa tumeegemea marobota. Huo ndio utajiri niliokuwa nao, na sikujua kwamba ni utajiri.

Taabu ilikuwa watoto wadogo. Msimamizi, ambaye wanawake walimwita nyapara hata mbele yake, alikuwa amekataza watoto wa kubebwa uwanjani kwa sababu vumbi la pamba liliwakohoza na kilio chao kilimkera. Wanawake hawakuwa na mama wala wakwe wa kuwaachia, wote wameacha watu wao Didia, Kahama, Tabora. Basi wakafanya walichokijua kutoka shambani. Kule nyumbani kundi hulima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, na mwenye shamba huwapikia. Wakasema na watoto walimwe hivyo hivyo. Kila mmoja akae na watoto wote siku yake, wengine waende kwenye pamba. Mama Kulwa, mama wa mapacha, ambaye alikuwa hawezi kusema jambo bila kulitia mzaha, alisema, "Tofauti ni moja tu. Shamba halikunyei."

Zamu ilikwenda vizuri muda mfupi. Ila ilionekana haraka kwamba siku ya mama watoto walilala mchana, na siku za wengine laini nzima ilipiga kelele hadi nyapara akatuma mtu kuuliza nani amekufa. Jioni moja wanawake walikuja chumbani kwetu, wakakaa juu ya mkeka na kitandani. Nilikuwa nimejilaza karibu na mafiga nikijifanya nimesinzia.

"Mama Minza, wewe mikono yako ina dawa," alisema mmoja, akimwita mama kwa jina langu.

"Dawa gani? Nawabeba tu."

"Hata sisi tunawabeba. Kwako wananyamaza."

"Msimu huu ukae nao wewe," alisema Mama Kulwa. "Tutakuletea kila mmoja kikapu cha unga, kisonzo kizima. Mama Ramadhani ataleta dagaa, si mume wake anakwenda Nkome ziwani kuwafuata? Utakula kuliko mke wa mtemi."

Nikamsikia mama akisema, polepole, "Na mimi napenda kule kwenye pamba." Wakacheka wote, kana kwamba amesema anapenda jua kali. "Anapenda nyapara!" alisema Mama Kulwa, na kicheko kikaongezeka, na katika kicheko hicho jambo likawa limeamuliwa. Mara nyingi nimejiuliza kama alikubali. Sikumsikia akikubali. Nilisikia akisifiwa, na kwa mwanamke mwenye haya sifa ni kamba nzuri kabisa ya kumfungia. Mimi nilifurahi. Nilidhani mama akibaki nyumbani atakuwa wangu kutwa.

Badala yake walikuja. Kila alfajiri, kabla honi ya jineri haijalia, mlango ulisukumwa na mtoto akaingizwa, bado ana joto la kitanda cha kwao. Mapacha, Kulwa na Doto. Msichana aliyeuma. Wengine ambao sikutaka kuyajua majina yao. Mkeka wangu ukawa mkeka wao. Kikombe changu cha bati kikawa cha uji wa wote, na kila nilipokishika kilinata. Mama alikuwa akiwapanga ukutani na kuwalisha kwa kijiko kimoja, mdomo hadi mdomo, na mimi nikiwa wa mwisho, kwa kuwa ni mkubwa. "Minza, ng'wana wane, mwanangu, lete maji. Minza, mshike huyu. Minza, ngoja." Neno nililolisikia zaidi mwaka ule ni ngoja. Watoto walimwita Mayu, yaani mama, kama nilivyomwita mimi, maana ndilo neno walilolisikia kinywani mwangu. Kwa hiyo hata neno niliwapa mwenyewe.

Aliyenishinda kabisa alikuwa yule wa Mama Ramadhani. Mama yake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, jina lake Zuhura, mwanamke mwembamba mwenye Kiswahili kilichonyooka, aliyesali sala zake nyuma ya mlango wetu na kumsalimu mama "shikamoo dada" ingawa walikaribiana umri. Alimleta mtoto wake mara ya kwanza siku ya mvua isiyo ya msimu. Mama alimpokea akiwa amelowa kama kifaranga, akasema, "Huyu Mabula huyu," kwa sababu kwetu anayekuja na mvua huitwa hivyo, na jina likabaki. Mabula hakukubali kuwekwa chini. Alikaa mgongoni kwa mama wakati wa kupepeta, wakati wa kupika, wakati wa kufua. Nikimwendea mama kwa mbele nilikutana na kazi, nikimwendea kwa nyuma nilikutana na Mabula, shavu lake limelalia pale penye uti wa mgongo, mahali ambapo nilipajua. Alinitazama bila uadui wowote. Hilo ndilo liliniudhi zaidi. Hakuwa na habari kwamba amenyang'anya kitu.

Zuhura alianza kuumia kabla sijagundua kwamba nina mwenzangu katika wivu. Mchana alikuwa akikimbia kutoka uwanjani kuja kumnyonyesha, pamba imemjaa kwenye nyusi, na mtoto alinyonya kidogo, akageuza kichwa kumtafuta mama yangu. Zuhura alimwita, "Ramadhani! Rama, mwanangu!" na mtoto hakugeuka. Mama akisema tu "Mabula" kwa sauti ya kawaida, aligeuka na kucheka. Wanawake walioleta mizaha yao mlangoni hawakumhurumia. "Zuhura, umezaa umemzalia Msukuma," alisema Mama Kulwa. "Mwakani ukitaka kumpeleka Bulaya, mwombe mwenyewe akuazime!" Bulaya ni Ulaya, yaani mbali kusikofika mtu, na wote walicheka. Zuhura naye alicheka. Mimi nilikuwa nimekaa chini, usawa wa mikono yao, nikaona vidole vyake vikisokota pindo la kanga hadi likawa kama kamba.

Akatafuta dawa yake. Asubuhi moja alikuja na kanga aliyolala nayo usiku, akampa mama. "Dada, naomba umlaze juu ya hii. Harufu yangu imo. Asinisahau." Mama alimwitikia kwa moyo wote. Nadhani hakukuwa na hila hata chembe. Lakini Mabula hakulala chini, alilala mgongoni. Na mama, akitaka kutimiza alichoombwa, akaichukua ile kanga akambebea. Siku zikapita mtoto akinusa harufu ya Zuhura huku mwili uliokuwa chini ya harufu ni wa mama yangu. Sijui kama mwanamke wa mahali pengine angefanya kosa lililozaliwa na adabu namna ile. Mimi nililiona mapema, na nilimwuliza, "Mayu, mbona umevaa nguo ya watu?" Akasema, "Ngoja, Minza."

Wakati huohuo likatokea lile ambalo kwangu lilipita yote. Tulikwenda sokoni, mama na Mabula mgongoni, mimi nikishika kikapu. Muuza karanga, mzee aliyetujua, alimsalimu kwa mbali, "Mama Mabula! Mwadila, Mama Mabula!" Na mama akaitikia. Hakusita, hakumsahihisha. Alinunua karanga zake akaenda. Tangu nilipozaliwa jina lake lilikuwa Mama Minza. Kila mtu aliyemwita alinitaja mimi, na kila alipoitika aliniitikia mimi. Nilisimama pale na kikapu nikahisi nimefutwa. Niliporudi nilikataa kula. Kulikuwa na ugali wa mtama na nsansa, mboga niliyoipenda kuliko zote, na Doto alinilia sehemu yangu mbele ya macho yangu.

Kesho yake mchana Zuhura alikuja kunyonyesha, akamwona mama akiwa ameinama kwenye mafiga, na mtoto amefungwa mgongoni kwa ile kanga. Alisimama mlangoni. Nilimwona akiitambua kanga yake.

"Nilikupa umlaze," alisema.

"Halali chini, Mama Ramadhani. Ningefanyaje?"

"Umemfundisha wewe ndiye mimi!" Sauti yake ilipasuka. Watoto waliacha kutafuna. "Umechukua jina lake, umechukua maziwa yangu, sasa na jasho langu umelivaa. Mbona huzai wako mwingine?"

Nilidhani mama angempiga. Alifungua fundo kifuani, akamshusha Mabula, akamkabidhi pamoja na kanga. Mtoto akaanza kupiga mateke. Kisha mama akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo, na aliyasema bila kupandisha sauti.

"Unanionea wivu mimi? Mimi? Kila asubuhi honi ikilia nasimama hapa mlangoni nawatazama mnavyokwenda. Mnacheka. Mna habari zenu. Mnarudi na hela mkononi, mimi narudishiwa visonzo. Najua safi na fifi kuliko wote ninyi, na mikono yangu iko kwenye mavi ya watoto wenu. Mimi ndiye ninayekuonea wivu wewe, Zuhura. Mchukue mtoto wako. Nipe mahali pako kwenye mstari."

Zuhura alikaa chini pale pale kizingitini, mtoto akimpigia kelele mapajani. Mimi nilikuwa nyuma ya mtungi. Mwaka mzima nilikuwa nikidhani adui yangu ni Mabula, na kwamba mama amezidiwa tu na wingi wa watoto, na kwamba angeweza kuchagua angenichagua mimi, mkeka, chumba hiki. Kumbe angeweza kuchagua angekwenda kwenye pamba. Nilianza kuionea pamba wivu siku hiyo, kitu kisicho na uso, na wivu wa namna hiyo hauna pa kushikia.

Walibadilishana. Nyapara hakujali, alitaka vichwa vitimie mstarini. Asubuhi ya kwanza mama alijifunga kilemba chake cha zamani, na honi ilipolia alikuwa tayari nje. Hakugeuka nyuma. Zuhura alibaki chumbani kwetu na watoto waliokuwa wakimlilia mwingine, uji ukaungua, msichana aliyeuma akamwuma. Mabula alijitupa mlangoni akaita "Mayu! Mayu!" hadi sauti ikamkauka. Zuhura hakumbembeleza kwa hila yoyote tena. Alimbeba kwa kanga ileile, akamwacha alie, akaendelea kukoroga. Mtoto alilia siku hiyo na nyingine. Halafu asubuhi moja, Zuhura akimfuta kamasi, mtoto alimtazama, akamshika pua, akamwita, "Mayu." Zuhura alicheka kwa furaha, akambusu kotekote, akaniita nije nisikie. Kisha alinitazama mimi, na nafikiri tuliliona pamoja: hakuwa amerudi kuwa mama yake. Mtoto alimwita Mayu yeyote aliyebaki.

Mimi na Zuhura tulizoeana kwa sababu hatukuwa na wa kumlalamikia. Zuhura alizungumza nami kama mtu mzima. Alinisimulia mitaa ya Tabora yenye miembe, na shangazi yake aliyefukuza waume watatu. Nilimwuliza kwa nini mwezi hauanguki, kwa nini nyapara hachagui pamba mwenyewe, kwa nini Mungu wake anasaliwa kwa nyakati na wetu kwa Jumapili. Hakuniambia ngoja. Pale asipojua alisema, "Hilo mwanangu sijui, lakini endelea kuuliza, unanichekesha." Alipika dagaa kwa karanga, na sehemu yangu aliiweka kando kwenye sahani yake mwenyewe ili mapacha wasiifikie. Na alasiri moja, watoto wakiwa wamelala, alinivuta akaniketisha katikati ya magoti yake. "Kichwa gani hiki? Ndege watataga." Akachukua mafuta na kitana cha mti, akaanza kunisuka mistari myembamba ya kwao, iliyokwenda kwa kuzunguka, tofauti na ile ya kwetu iliyonyooka. Tangu msimu uanze hakuna aliyekigusa kichwa changu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Nilisinzia nikiwa nimeegemea paja lake.

Honi ya jioni ililia, nasi hatukuondoka. Mama aliingia akicheka bado na mtu aliyemwacha nje, pamba imemjaa kwenye kilemba, uso wake ni ule wa zamani. Aliweka kitambaa chenye hela zake juu ya mtungi. Mabula alikuwa macho. Alimtazama mama, akamsikiliza akisema "Mabula wangu," kisha akaendelea kucheza na kifuniko cha sufuria. Mama alikubali, akacheka. Halafu macho yake yakanifikia. Kila siku nilikuwa wa kwanza kumkimbilia. Siku hiyo kichwa changu kilikuwa nusu kimesukwa, Zuhura ameshika nywele, na sikuinuka. Nilisema tu, "Shikamoo mayu," kutoka pale pale mapajani pa mwingine.

Hakuitika marahaba. Kicheko kilitoka usoni mwake kidogo kidogo.

"Nani amesema asukwe?"

"Kichwa kilikuwa kichafu, Mama Minza," alisema Zuhura kwa upole. "Nilimsaidia tu."

"Uchafu wake ni wangu. Minza, ondoka hapo."

"Dada, bado mistari michache—"

"Nimesema aondoke! Hii misuko ya Tabora kwetu haisukwi. Atachekwa."

Alinishika mkono, akanivuta hadi upande wa pili wa chumba, hatua chache tu kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, akakaa juu ya kigoda na kunibana kati ya magoti yake. Magoti yake yalikuwa magumu. Zuhura aliokota kitana chake, akambeba mwanawe, akaenda zake bila kuaga. Mama alianza kufumua. Alifumua msuko mmoja mmoja, kila mmoja ambao Zuhura alikuwa ameutengeneza vizuri, akivuta kwa vidole vilivyochanwa na vikonyo vya pamba, huku akisema peke yake, "Tazama jinsi alivyokaza. Tazama. Anakukausha ngozi." Alikuwa anavuta kwa nguvu kuliko alivyohitaji. Nje wanawake walikuja kuchukua watoto wao, wakaita mlangoni, "Mama Mabula!" kwa mazoea, na mara hiyo hakuitika. Walimwita tena. Alisema bila kuinua kichwa, "Hapa yupo Mama Minza," akaendelea kunifumua.

Ilikuwa inauma sana. Machozi yalinitoka, yakadondoka juu ya magoti yake, akayahisi. "Unalia nini? Nakuumiza?" Nilimwambia hapana, nikakisogeza kichwa nyuma, karibu zaidi na mikono yake.